Mpendwa Geti la Bluu

Kuna watu duniani wanaoniita Geti la Bluu. Siwajui, hawanijui, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika Kimara kuliona geti lenyewe, ambalo kwa taarifa yao mwenye nyumba alishalipaka rangi ya kijani. Lakini wananiandikia kila siku ya Mungu. Wananiita mpendwa. Wananiuliza kama nimewasahau. Mmoja alinitakia heri ya kuzaliwa katika mwezi ambao sikuzaliwa, akanipa na punguzo la mawigi, mimi ninayesuka mabutu tangu nianze kazi.

Watu wakilisikia jina hilo huanza kucheka kabla sijafika kwenye kinachouma. Nawaacha wacheke. Hata mimi mwanzoni nilicheka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Naishi Kimara, Dar es Salaam, na watoto wangu wawili, binti aliye darasa la nne na mdogo wake wa kiume ambaye bado hajaanza shule. Mume wangu naye ni mwalimu, ila yeye yuko Tunduru, kusini kabisa. Alipangiwa huko kwenye ajira yake ya kwanza, kabla hatujaoana, na tulipooana tukaambiwa tuwe na subira, uhamisho utatoka. Subira yavuta heri, walisema. Yetu imevuta mabasi tu. Anakuja likizo ya mwezi wa sita na ile ya Desemba, na mwanangu wa kiume amezoea kiasi kwamba baba yake akiingia na begi, kabla hata hajavua viatu, anamwuliza, "Baba, unaondoka lini?" Hamwulizi kwa ubaya. Ndivyo anavyomjua baba yake, mtu wa kuondoka.

Sisi walimu tuna njia yetu ya kujinusuru, nayo ni kubadilishana vituo. Ukimpata mwalimu aliye kule unakotaka kwenda, na yeye anataka kuja hapa ulipo, mnaandika maombi pamoja, wakubwa wa pande zote mbili wanakubali, kila mtu anafunga mizigo yake. Halmashauri haipungukiwi mwalimu, kwa hiyo hakuna wa kukataa. Kuna makundi ya simu yaliyojaa matangazo ya namna hiyo: niko Kondoa nataka Moshi, niko Kibondo nataka popote penye umeme. Shida ni kwamba kila mtu anataka Dar. Mwalimu wa Dar anayetaka kwenda Tunduru ni wa kutafutwa kwa tochi, kama vile fundi anayefika siku aliyosema atafika. Si kwamba Tunduru ni kubaya. Nimefika, na watu wake wana utu kutuzidi sisi. Ni mbali, basi.

Kwa kuwa mtandao wa kule ni wa kubahatisha, tulikubaliana tangazo niliandike mimi. Mara ya kwanza niliweka namba yangu ya simu, na nilijuta. Wanaume walinipigia saa za ajabu, wakidai wanataka kubadilishana, halafu ukiwauliza kituo wanasema tuanze kwanza kwa kufahamiana. Mwingine alijifanya ofisa, akasema faili letu liko mezani kwake, linasubiri kitu kidogo tu liweze kusogea. Nilipomsimulia mume wangu akasema, "Namba itoe. Weka imeili. Imeili haina mambo mengi."

Kweli haikuwa na mambo mengi. Anwani hiyo niliifungua nikiwa chuo cha ualimu, na nilikuwa naitunza kama sebule ya wageni, haingii kila mtu. Simu yangu ilishaharibika zamani kwa meseji za bahati nasibu na mikopo ya haraka, lakini huko kwenye barua pepe kulikuwa safi. Vyeti vyangu viko huko. Picha za harusi ziko huko. Nikaandika tangazo jipya: mwalimu wa Tunduru, baba wa watoto wawili, anatafuta wa kubadilishana naye kutoka wilaya yoyote ya Dar es Salaam, mwandikie mke wake kwa anwani hii. Hapo chini nikaiweka anwani, nikaweka na amani moyoni.

Halafu nikanunua jiko.

Lilikuwa jiko la presha la umeme. Niliona tangazo lake kwenye simu, maharage yanaiva ndani ya muda wa kuoga na kuvaa, na mimi ni mtu wa kuamka alfajiri nipike chakula cha watoto cha kutwa kabla sijakimbilia mstarini shuleni. Nikaingia kwenye duka lao la mtandaoni nikaagiza. Malipo ni mzigo ukifika. Nikajaza namba ya simu, nikajaza mtaa, kisha wakataka barua pepe. Nikairuka. Kitufe cha kuagiza kikagoma kubonyezeka. Nikarudi, nikajiuliza jiko linahitaji barua pepe ya nini, lakini maandishi madogo pembeni yalisema ni kwa ajili ya risiti. Nikasema sawa, risiti ni kitu kizuri.

Kwenye jina ndipo nilipofanya akili yangu ya Kimara. Miezi michache nyuma nililetewa sare ya harusi ya binamu yangu. Simu ilikuwa kwenye mkoba, mimi niko darasani, na bodaboda akaizungusha sare hiyo Kimara nzima akiuliza kwa jina langu. Mtaani kwetu hakuna anayenijua kwa jina langu, wananijua kwa jina la binti yangu. Akairudisha alikoitoa, na mimi nikaenda harusini nimevaa gauni la zamani katikati ya wanawake thelathini waliovaa kitambaa kimoja. Sikutaka yanikute tena. Bodaboda wa kuleta mizigo hasomi fomu, anasoma kilichobandikwa kwenye boksi, na kinachobandikwa ni jina na namba. Kwa hiyo palipoandikwa jina kamili, nikaandika Geti la Bluu Nyuma ya Mashine ya Kusaga. Fomu ikapokea bila kushangaa.

Jiko lilifika kesho yake. Bodaboda alikuja moja kwa moja mpaka getini, hakupiga simu hata mara moja. Nilijiona mjanja sana, nikawasimulia walimu wenzangu, na wawili kati yao wakasema na wao watafanya hivyo. Na jiko ni zuri, siwezi kusema uongo. Maharage yanaiva.

Wiki hiyohiyo duka likaanza. Kwanza risiti, kama walivyoahidi. Halafu: Mpendwa Geti la Bluu, wateja walionunua jiko kama lako walinunua pia seti ya visu. Halafu: Geti la Bluu, umeacha kitu kwenye kikapu. Sikuacha kitu. Nilivumilia, maana dukani nilikwenda kwa miguu yangu, na mwenye duka lazima akuite ukipita. Kilichonichosha ni pale walipoanza wengine. Kampuni ya viwanja: Geti la Bluu, kiwanja chako Kibaha kinakungoja. Duka la vipodozi: Geti, ngozi yako inakulilia. Dawa ya kupunguza tumbo. Shule ya kiingereza ya watoto. Mabati. Watu wa kubeti, wakinishauri nisiikose mechi ya usiku. Kila mmoja ananiita kwa jina lile, na wengine wananiandikia jina zima mpaka na mashine ya kusaga.

Mezani kwangu ofisini nakaa jirani na mwalimu mmoja Mzaramo, mwanamke mkubwa kuliko mimi, mzaliwa wa hapahapa mjini, ambaye ulimi wake hauna breki. Ndiye aliyeanza kunisomea barua zangu kwa sauti wakati wa chai. "Geti la Bluu, usiteseke peke yako na maumivu ya mgongo," anasoma, ofisi nzima inakufa kwa kicheko. Mpaka mwalimu mkuu, mtu asiyecheka hata siku ya mahafali, siku moja aliniita Mwalimu Geti mbele ya wazazi, akakohoa, akajisahihisha.

Ningeweza kucheka nao mwaka mzima kama nisingekuwa nangoja kitu. Hapo ndipo watu wasiponielewa. Wananiambia si uzime tu mlio wa simu, uache zijae, zitakudhuru nini? Sikuweza kuzima. Kila simu ikilia ule mlio wa barua pepe, moyo unapiga pa, labda ni mwalimu. Labda kuna mtu Ilala au Kigamboni amesoma tangazo letu. Niko ubaoni naandika hesabu za sehemu, simu inalia mezani, mkono unasita, watoto wanaona. Namalizia sentensi, naenda kuangalia kwa kuiba. Geti la Bluu, wigi la Kibrazili limeshuka bei. Narudi ubaoni. Baada ya muda inalia tena na mimi, mjinga wa matumaini, naenda tena. Nilifika mahali nikawa nawachukia watu wa mawigi kwa chuki ambayo hata adui yangu sijawahi kumpa.

Chini ya kila barua kulikuwa na mstari mdogo, rangi yake imefifia makusudi, wa kujiondoa. Nikawa naubonyeza. Wananiuliza kwa nini naondoka, naeleza. Wananiuliza kama nina uhakika, nasema ninao. Wanasema wanasikitika. Baada ya hapo zikaongezeka. Nilipomweleza yule jirani yangu wa meza, alinitazama kama mtoto aliyekula chaki.

"Shoga, mchuuzi akigonga geti, ukimjibu hata kwa kumfukuza, umeshamwambia ndani kuna mtu. Kesho anakuja na mwenzie."

"Sasa nifanyeje?"

"Walikuuza hao wa jiko. Nenda kawaulize walikuuza kwa idhini ya nani. Si tuna sheria siku hizi ya taarifa za mtu? Nenda. Mie ningekwenda na jiko lenyewe kichwani."

Nikaenda, bila jiko. Risiti yao ilionyesha ofisi iko Msasani, na Jumamosi moja nikawaacha watoto kwa jirani nikavuka mji. Ilikuwa ofisi nzuri, ya vioo, ina baridi ya kiyoyozi na harufu ya kahawa. Dada wa mapokezi alinikaribisha vizuri, akanipa maji. Nikamweleza shida yangu pole pole, kama ninavyoeleza kwa wazazi.

"Hapana dada, sie hatutoagi taarifa za wateja," alisema. "Labda umejisajili sehemu nyingine ukasahau."

"Sehemu nyingine natumia jina langu. Hili nimelitumia kwenu peke yenu, siku moja tu, kwa ajili ya jiko." Nikamfungulia simu. Viwanja, ngozi, mabati, wote Geti la Bluu. "Niambie wewe, hawa wamelipata wapi?"

Akasoma moja, akasoma ya pili. Alijitahidi sana asicheke. "Kwani dada, hili siyo jina lako?"

Nikamwonyesha barua ya tatu. Akaenda ndani, akarudi na kaka mmoja aliyevaa shati lenye nembo ya duka. Huyo hakukataa. Alinieleza kwa upole uliokomaa, upole wa mtu aliyeeleza jambo hilohilo mara nyingi.

"Hao ni washirika wetu, dada. Wakati unaagiza kulikuwa na kiboksi cha kukubali ofa za washirika. Wewe ulikubali."

"Sikuweka tiki yoyote."

"Tiki inakuwaga imeshawekwa. Ulitakiwa kuitoa."

Nimefundisha watoto wa darasa la tatu kwa miaka mingi. Mtoto akiniambia hakuiba kalamu, ila mwenzake hakumkataza kuichukua, namjua huyo anaelekea wapi. Nilimwambia hivyo hivyo. Akatabasamu. Nikamwambia kuna ujumbe ninaoungoja, wa maisha ya familia yangu, na kwamba wao wamemwaga taka mlangoni ambapo huyo mjumbe alitakiwa kupita. Akasema anaelewa. Hakuelewa. Akasema wataniondoa ndani ya siku chache za kazi, kisha akavuta kompyuta karibu na kuniuliza, bila hata chembe ya aibu, "Naomba imeili yako."

Nikampa. Ningefanya nini? Jumatatu asubuhi, mstarini, simu ikalia. Mpendwa Geti la Bluu, asante kwa kututembelea Msasani, umeridhika kwa kiwango gani na huduma yetu?

Siku hiyo nilikasirika hasira ya kimya, ambayo ndiyo mbaya kwangu. Nilikaa ofisini kipindi nisichokuwa na darasa, nikaanza kuzishughulikia barua zile moja moja. Kila inayotoka kwa mtu wa kuuza nikaibonyeza kuwa ni taka. Mawigi, taka. Viwanja, taka. Jiko, taka. Nilifanya hivyo kesho yake na kesho kutwa, na simu ikaanza kujifunza. Ikawa inawatambua yenyewe kabla mlio haujalia, inawatupa kwenye kasha la taka, mimi hata sijui kama walikuja. Kimya kikarudi. Nikaandika ubaoni mpaka mwisho wa kipindi bila kugeuka. Nilimwambia jirani yangu wa meza kwamba nimewashinda, akaninunulia chapati.

Ikapita zaidi ya mwezi. Jioni moja mume wangu akapiga, na baada ya kusalimiana akasema, kama mtu anayesema habari ya mvua, kwamba kuna mwalimu kijana wa shule ya jirani na kwake amepata uhamisho wa kubadilishana. Anakuja Temeke.

"Temeke? Amempata wapi?"

"Anasema ni mama mmoja wa huko, ameona matangazo kwenye kundi. Hakuna aliyekuandikia wewe?"

"Hakuna," nikasema. "Kimya kabisa."

Ni lile neno kimya, nilipolisikia likitoka kinywani mwangu, ndilo lililonifanya kesho yake wakati wa chai nifungue kasha la taka. Nilianza kushuka. Mabati, mechi, ngozi, viwanja, ngozi, mawigi. Katikati yao kulikuwa na barua kutoka kwa anwani iliyojiita Steshenari, Fotokopi na Picha za Pasipoti. Kichwa chake kiliandikwa kwa herufi kubwa tupu: HABARI MWALIMU. Hata mimi, kwa macho yangu, ningedhani ni wa kuniuzia karatasi.

Iliandikwa hivi. Mimi ni mwalimu mwenzako, nipo Temeke. Nimeona tangazo lenu kwenye kundi. Kwetu ni Tunduru, mama yangu yupo huko, amepooza upande mmoja, na mimi ndiye mtoto wake wa kike pekee, nataka nikamwuguze. Kuna mwalimu mwingine wa huko amenitafuta kwa simu, lakini yeye ni kijana, hajaoa. Nyie mmeandika mna watoto, nikaona nianze na nyie. Natumia imeili ya steshenari kwa sababu ya kwangu imejaa matangazo mpaka sioni kitu. Namba yangu ipo chini. Nitasubiri mpaka Ijumaa, baada ya hapo itabidi nimjibu huyu mwingine, hali ya mama si nzuri.

Ijumaa hiyo ilikuwa imepita muda mrefu. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya choo cha walimu ambako hakuna mtu, nikapiga ile namba.

"Habari madam," nikasema. "Ni mimi mwalimu wa Kimara. Wa tangazo la Tunduru."

"Oo. Ni wewe. Nilikungoja, madam."

"Sikuiona barua yako. Nimeiona leo."

"Mie niliona kimya, nikasema basi watakuwa wameshapata. Nilitaka nikupigie, ila tangazo halikuwa na namba."

Nikamwuliza kama barua za uhamisho zimetoka. Akasema zimesainiwa wiki iliyopita, ameshauza kabati na kitanda, anaondoka Jumatano. Aliomba radhi. Yeye, aliyetuchagua sisi kwanza na kutungoja wiki nzima huku mama yake amepooza upande mmoja, ndiye aliyeomba radhi. Nikamwuliza mama anaendeleaje.

"Tunamshukuru Mungu. Kila siku anauliza nafika lini."

Nikamtakia safari njema, na nilimaanisha. Kengele iligonga, nikaingia darasani, nikafundisha. Sijui nilifundisha nini.

Nimeambiwa na watu kadhaa, wengine wananipenda, kwamba ningekuwa naangalia kasha la taka mara kwa mara. Nimeambiwa mume wangu angeweka namba yake. Nimeambiwa mtu mwenye akili hafungui barua pepe moja kwa kila kitu. Nawasikiliza. Lakini naomba na wao waniambie, nani anapekua jalala lake kila asubuhi kutafuta barua ya mgeni? Na kwa nini nipekue mimi, wakati waliolijaza nawajua, wana ofisi ya vioo, wana kahawa? Yule kaka wa shati la nembo hatajua kamwe alichokiuza. Yeye aliuza jina la geti na anwani yake kwa washirika, akaingiza chake, akaenda kula mchana. Mwanamke mmoja Temeke alizibiwa njia yake mwenyewe mpaka akaomba njia ya steshenari, na mwingine Kimara akaziba yake kwa mikono yake ili apumue, na hivyo tukapishana, watu wawili waliokuwa wanatafutana. Hili linaniuma mpaka leo. Jirani yangu wa meza, tangu nimsimulie, hajanisomea barua tena.

Kumwambia mume wangu niliahirisha mpaka Jumapili. Jumapili ndiyo siku anayotoka mpaka uwanja wa mpira wa shule yao, ambako mtandao unakaa, na tunaongea kwa nafasi. Nilimweleza yote, barua, steshenari, ile Ijumaa. Nilimsomea na barua yenyewe, maana nilijua angetaka kusikia maneno ya huyo mwalimu kama yalivyo. Nilipofika pale palipoandikwa kwamba nyie mna watoto, niliurudia mstari huo mara mbili, nikaendelea.

Nilisikia watu wakipiga mpira nyuma yake.

"Usilie," akasema.

"Silii."

"Haya." Akavuta pumzi. "Unajua yule mzee mwenye nyumba wangu, ana kipande cha shamba nyuma ya nyumba. Tangu nihamie kwake ananiambia, mwalimu, miche ya mikorosho ipo, chukua bure, panda yako. Kila mwaka ananiambia. Na mie kila mwaka namwambia, mzee, ngoja kwanza, mie mtu wa kuondoka."

Sikujua habari hiyo. Hakuwahi kuniambia.

"Kesho nitamwambia sawa," akasema.

Nikamwuliza mkorosho unachukua muda gani mpaka kuzaa. Akasema mwaka wa tatu ndipo unaanza kuona, na ukitaka mavuno ya maana ngoja zaidi. Mwanangu wa kiume alikuwa amesimama mbele yangu amenyoosha mkono, anangoja zamu yake ya simu. Nilitaka nimwambie mume wangu asipande, angoje mwaka huu tu, tutaweka tangazo jingine, na safari hii tutaweka namba.

Nikamwambia apande mingi.